Paa kwanza, ukuta baadaye: mwongozo wa kujenga kijumba kisicho na luku wala bomba, Kigamboni

Kwanza tukubaliane jina. Mume wangu aliwaambia wenzake kazini kwamba anajenga nyumba ndogo Kigamboni, tena mke wake anajua na amechangia saruji. Chai ya saa nne haijapoa, stori ilishafika hadi kwa walinzi wa getini. Tangu siku ile tunasema kijumba.

Kijumba chetu kina mita 4 kwa 6 ndani na baraza ya mita 1.5 mbele. Hakina luku, yaani mita ya umeme, wala bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Tumekijenga wawili, na kwa kazi zinazotaka mkono uliozoea tulimwita fundi mmoja na saidia wake. Naandika kwa walio kama sisi tulivyokuwa: wawili wenye kiwanja pembezoni, iwe Kimbiji, Pembamnazi na Kisarawe II au upande wa pili huko Chanika na Msongola, kule ambako nguzo ya mwisho ya umeme unaiona lakini huifikii.

Kilichotuokoa ni mpangilio. Mazoea yetu Dar ni kwamba ukipata hela unachimba msingi, ikija nyingine unapandisha kozi, ikikata unaacha boma. Miaka mitatu baadaye unakwenda kufyeka majani sebuleni, na watu wanaliita pagale. Sisi tuligeuza. Tulianza na paa juu ya nguzo, tukavuna maji, tukapata kivuli, ndipo tukarudi chini kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, na kujenga ukuta. Hela ilikata katikati kama kawaida yake, lakini ilipokata tulikuwa na banda la kulala na maji ya kuoga.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya koleo

Hapa sitakaa sana, ila usiruke. Kiwanja kiwe kimepimwa, na kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya halmashauri ujue jina lililoandikwa ni la nani. Mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wakujue, majirani wa mipaka yote minne waitwe waoneshe mawe, malipo yapite benki. Ukivutiwa na upepo wa bahari, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Na kijumba ni jengo: omba kibali cha ujenzi manispaa, hata kama jirani anakucheka kwamba kibanda kama hicho nani atakiuliza.

Hatua ya 2: Kaa kwenye kiwanja kabla ya kuchora

Nenda asubuhi, mchana na jioni, na ukiweza lala. Chukua kamba, vijiti vinne na chokaa. Mambo matatu unayotafuta ni haya.

La kwanza ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, kaskazi hushika kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Kwa hiyo pande mbili ndefu za kijumba zitazame kaskazini na kusini, madirisha yakabiliane, upepo uingie huku utokee kule. Ukuta wa magharibi ndio unaochomwa na jua la saa tisa na saa kumi, kwa hiyo huo uwe mfupi na usio na dirisha kubwa. Sisi upande ule tumeweka matanki ya maji, yanakula jua badala yetu.

La pili ni maji yanakosimama. Nenda siku ya mvua kubwa, uvue viatu. Sehemu nyingi za Kigamboni mchanga wa juu unakudanganya kwamba ardhi ni kavu, ukichimba mita moja na nusu mwezi wa Aprili unakuta maji. Jambo hilo litaamua aina ya choo, tutalirudia.

La tatu ni jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli zinatakiwa kutazama kaskazini kwa mlalo mdogo, nyuzi 10 zinatosha, kiasi cha mvua kuweza kuosha vumbi. Tukajiuliza: kwa nini paa zima lisilale nyuzi 10 kuelekea kaskazini? Ndivyo lilivyo. Ni paa la mgongo mmoja, juu upande wa kusini, chini upande wa baraza. Paneli zinakaa juu ya bati bila fremu ya ziada, na maji yote yanakwenda kwenye gata moja tu, yaani mfereji wa ukingo wa paa.

Hatua ya 3: Hesabu ya maji ndiyo ramani

Watu huchora vyumba halafu wanatafuta pa kuweka tanki. Anza na tanki. Dar hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa katika masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Toa moja ya tano kwa yanayorukia nje, yanayokauka na ya kuoshea paa.

Bati letu, pamoja na baraza na vichomozo vya sentimita 60, linafunika mita 7.2 kwa 6.1, yaani mita za mraba 44. Kwa hiyo mvua ya milimita 10, mvua ya kawaida tu ya asubuhi, inatupa lita 350. Mwaka mzima ni zaidi ya lita 38,000.

Unaweza kusema basi shida iko wapi. Shida ni kwamba hazinyeshi kwa zamu. Juni mpaka Septemba ni siku 122 za manyunyu tu. Watu wawili wanaooga kwa ndoo, wanaopika nyumbani na kufua mara moja kwa wiki, wanamaliza kama lita 80 kwa siku. Zidisha: lita 9,760. Hapo ndipo jibu lilipo, matanki mawili ya lita 5,000. Masika yanayajaza yote mawili na kumwaga, halafu mnakula akiba mpaka vuli. Mkiwa na mtoto, au mnataka choo cha kuvuta maji, hesabu inabadilika kabisa na kijumba kinabadilika nacho.

Makuti yana ubaridi ambao bati halitaufikia, nayapenda sana, lakini maji yake ni rangi ya chai na yana wadudu. Ukitaka makuti, jenga kibanda cha kupumzikia pembeni.

Hatua ya 4: Funga kazi na misimu

Tulianza Juni, kiangazi cha kusi, ardhi ikiwa kavu na fundi hana visingizio vya mvua. Nguzo na paa zilikamilika Septemba. Oktoba gata na matanki yalikuwa tayari kabla vuli haijafika. Novemba tukamwaga jamvi kwa maji yetu wenyewe, kivulini, jambo ambalo zege hulipenda kwa sababu halikauki haraka likapasuka. Desemba mpaka Februari ukuta, milango, umeme. Tukahamia wiki ya kwanza ya Machi. Aliyewahi kununua boza la maji kwa ajili ya ujenzi kule ndani ataelewa kwa nini nasisitiza maji yaje kabla ya zege kubwa.

Hatua ya 5: Nguzo na paa

Tumetumia nguzo tisa za mbao zilizotiwa dawa, mistari mitatu ya tatu-tatu: nyuma, mbele ya chumba, na ukingo wa baraza. Kwenye urefu wa kijumba zimeachana mita 3.

Kwanza pigeni mraba. Mkishapima mita 4 na mita 6, pimeni kona kwa kona. Msalaba wote wawili usome mita 7 na sentimita 21. Ukitofautiana, sogezeni vijiti mpaka ukubali, msimwachie fundi aseme "tutarekebisha kwenye tofali". Usawa wa sakafu mnaupata kwa mpira mwembamba unaoonesha maji ndani: mmoja anashika huku, mwingine kule, maji yakitulia ncha zote mbili ziko sawa. Hiyo ni kazi ya wawili kwelikweli, na ndiyo iliyonifanya nijue kwamba mume wangu hawezi kusimama kimya dakika mbili.

Kila nguzo ilipata shimo la sentimita 50 kwa 50, kina cha 70, likajazwa zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Shimo moja linakaribia kilo 400 za zege. Usione ni uharibifu, kwa sababu paa jepesi la upande mmoja linapopigwa na kusi halidondoki, linataka kuruka, na uzito ule ndio unaolishikilia. Ndani ya zege tukazamisha viatu vya chuma alivyochomelea fundi wa Gerezani. Nguzo inasimama kwenye kiatu, haigusi ardhi wala zege. Hakikisheni kichwa cha zege kinabaki sentimita 10 hadi 15 juu ya usawa wa jamvi litakalokuja baadaye. Mchwa akitaka kupanda lazima apite nje, umwone njia yake ya udongo, uifute kwa kidole. Akipita ndani ya ukuta utamjua siku kizingiti kinapobonyea.

Mchanga wa zege usiwe wa pwani. Ni bure na uko karibu, lakini una chumvi, na chumvi inakula nondo kimyakimya.

Mbao za mbili kwa sita zikalala juu ya nguzo kwa nafasi ya sentimita 90, papi, mbao nyembamba za kupigilia bati, juu yake, kisha bati. Mbao zikija mbichi, zipangeni kivulini mwezi mzima na vipande katikati ili hewa ipite. Za kwetu mbili zilizoachwa juani zilijikunja kama upinde ndani ya siku nne. Kila muungano wa mbao na nguzo tumeuzungushia utepe wa chuma, kwa sababu msumari peke yake huchomoka. Na mpaka ukuta uje, weka mbao za mshazari kwenye kona zote, la sivyo jengo litacheza.

Bati tulikatisha kiwandani kwa urefu mmoja wa mita 6.3, hakuna kiungo. Mlalo wa nyuzi 10 unataka bati la migongo mipana na mirefu, lile la mawimbi madogo litarudisha maji ndani. Geji, yaani kipimo cha unene, iwe 28, si 30 iliyo nyembamba zaidi. Ukinunua uliza upana unaofunika baada ya kupandiana, maana upana wa bati lenyewe hautakusaidia kwenye hesabu. Fuso lilipita daraja la Nyerere, na usafiri huo ulituuma kuliko bati lenyewe, kwa hiyo pangeni mzigo wa mbao, bati na saruji upande safari moja.

Wakati wote huu fundi wetu, mtu mzuri na hodari, alikuwa hanijibu mimi. Mimi ndiye niliyeshika daftari na vipimo, lakini nikimwambia kitu anasema, "Sawa shemeji, mwambie bosi anipigie." Wiki ya tatu mume wangu akamwambia mbele yangu kwamba bosi wa vipimo ni shemeji, yeye ni wa kubeba ndoo. Kazi ikanyooka. Wawili mkiwa mnajenga, amueni mapema nani anazungumza na fundi kuhusu nini, na daftari liwe moja. Tulipokuwa na madaftari mawili tulinunua misumari mara mbili na bawaba hatukununua kabisa.

Hatua ya 6: Gata, maji ya kwanza, na kosa la tanki

Gata la mita 7.2 liinamie upande wa tanki kwa sentimita 5 jumla. Zaidi ya hapo litaonekana limepinda, pungufu yake maji yatasimama na mbu watashukuru.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaleta vumbi, majani na kinyesi cha kunguru, na kunguru wa Dar unawajua. Maji hayo yasiingie kwenye tanki. Tuliweka mabomba mawili ya inchi 4 yanayoning'inia, kila moja mita 1.5, yameungana kwa juu na kuzibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo lita 24 za kwanza zinakwama humo, zinazofuata ndizo zinazopita kwenda tankini. Mvua ikiisha unafungua kifuniko, maji machafu yanakwenda kwenye mpapai.

Sasa kosa. Nilitaka ndoo ikae vizuri chini ya koki, basi tukajenga msingi wa tanki kozi tatu za tofali, zaidi ya nusu mita, imara maana tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Tanki likaja, likapandishwa na watu watano. Mume wangu akarudi nyuma, akaangalia gata, akaangalia mdomo wa tanki, akakaa chini kwenye mchanga. Gata lilikuwa mita 2.3 kutoka chini. Mdomo wa tanki ulikuwa juu zaidi ya hapo. Maji hayapandi mlima.

Tukabomoa. Msingi sasa ni sentimita 15 tu, na mbele ya koki tumechimba kishimo cha ngazi mbili, kimejengewa, kina kokoto chini, ndoo inatumbukia humo na kujaa. Inafanya kazi vizuri, lakini wewe pima urefu wa tanki dukani kabla hujaamua urefu wa nguzo za baraza.

Kila tundu la tanki, la kuingilia, la kumwagia na la hewa, lizibwe kwa wavu mdogo. Homa ya dengue iliyotikisa Dar 2014 na tena 2019 huenezwa na mbu anayezaliana kwenye maji safi yaliyotuama nyumbani, ndoo, matairi, matanki wazi. Ya kunywa tunachemsha.

Hatua ya 7: Jamvi na ukuta

Chini ya paa kazi inakwenda bila presha. Shindilieni kifusi, tandikeni nailoni nzito, mwageni jamvi la sentimita 10. Eneo la chumba na baraza ni mita za mraba 33, zege kama mita za ujazo 3.3, mifuko 21 ya saruji, nunueni 23. Mwagilieni asubuhi na jioni siku saba.

Ukuta wetu ni tofali za inchi 5 mpaka kiunoni, juu yake mbao. Kwa urefu wa mita moja kuzunguka, ukitoa milango miwili, ni tofali 165 hivi, tukachukua 180. Fundi hakupenda: "Shemeji, watu watasema hela imeishia hapo." Waseme. Tofali zinanyonya joto mchana kutwa na kulirudisha usiku ukiwa kitandani. Mbao zinapoa dakika chache baada ya magharibi. Sehemu ya chini iwe tofali kwa sababu ya maji ya mvua yanayoruka, mchwa na mlango wa mwizi.

Upande wa kusini ulio juu, kati ya ukuta na bati, tumeacha mwanya wa sentimita 30 wenye wavu wa mbu na vipande vya mbao vilivyolala. Joto linapanda kwenye mlalo wa dari na kutokea pale. Mvua ya kusi inayokuja na upepo ilituingilia mara moja, ndipo tukaongeza vipande viwili. Dari iwekeni, hata ya mbao nyembamba, na nafasi ya kiganja kati yake na bati. Bila dari saa saba mchana humo ndani ni tanuri la mkate.

Misumari, bawaba, komeo, vyote viwe vya kuzuia kutu. Hewa ya chumvi inafika mbali na bahari kuliko unavyodhani.

Hatua ya 8: Choo

Shimo la kawaida kwenye ardhi yenye maji karibu ni kuchanganya choo na kisima cha jirani. Tukajenga choo kikavu kilichoinuliwa, ngazi nne juu, chini yake vyumba viwili vya tofali, kila kimoja mita moja kwa sentimita 80 kwa 80, vina mlango nyuma. Mnatumia kimoja mpaka kijae, mnakiziba, mnahamia cha pili. Kila ukimaliza, kata moja ya majivu au vumbi la mbao. Mkojo unapita mbele kwa bomba lake. Kikavu hakinuki. Kikilowa, utajua ukiwa getini.

Na hapa ndipo miongozo mingi kutoka nje inapotuangusha, kwa sababu sisi tunachamba kwa maji. Maji yakiingia kwenye chumba cha majivu kazi imeharibika. Suluhisho letu ni sehemu ya pili pembeni, hatua moja tu kutoka kwenye tundu, sakafu yake imeinamia bomba linalokwenda pamoja na mkojo kwenye shimo dogo la kokoto chini ya migomba. Unajisaidia hapa, unasogea, unachamba pale. Mama mkwe alikuja na mashaka yake yote, siku ya pili akawa ndiye anayewaelekeza wageni.

Chumba kimoja kwa watu wawili kinachukua zaidi ya mwaka kujaa. Kikishazibwa kiacheni mwaka mzima, kisha yaliyomo yazikwe chini ya miembe au minazi. Kwenye mchicha hapana.

Hatua ya 9: Umeme wa jua

Usianze na duka la Kariakoo, anza na daftari. Yetu ilisoma hivi kwa siku: taa tano za wati 6 kwa saa 5, wati-saa 150. Feni mbili za DC, yaani za umeme wa betri moja kwa moja, wati 20 kila moja, usiku kucha saa 9, 360. Friji ya DC ya lita 100, 550. Kompyuta mpakato 200. Simu 30, redio 30, pampu ndogo ya kupandisha maji nusu saa 30. Jumla 1,350.

Sasa gawanya. Wauzaji watakupigia hesabu ya jua la Januari. Wewe piga ya Aprili, wakati mawingu yamekaa siku tatu mfululizo: chukua saa 3.5 za jua kamili kwa siku, na ukubali asilimia 30 inapotea njiani kwa joto, vumbi na waya. 1,350 gawa kwa 3.5, gawa tena kwa 0.7, unapata wati 550. Tumefunga paneli mbili za wati 300. Miezi mingine umeme unabaki.

Betri ni ya lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4, volti 24, Ah 100, inayohifadhi kama wati-saa 2,500. Ukiitumia asilimia 80 inakubeba usiku na mchana mmoja wa mawingu. Betri za maji na asidi zinavutia kwa bei, lakini hutakiwi kushuka chini ya nusu, na joto la Dar linazizeesha. Iwekeni kivulini penye hewa, fyuzi yake iwe karibu kabisa na nguzo ya betri, na siku ya kufunga, chaji kontrola, kifaa kinachosimamia kuchaji betri, ione betri kwanza ndipo paneli ziunganishwe.

Nimesema volti 24 na nina sababu. Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa wa 12, na friji, mita 9 kutoka kwenye betri, ilikuwa inajaribu kuwaka usiku, inagugumia, inazima. Tulidhani friji ni mbovu. Waya ulikuwa mwembamba, wa milimita 1.5, na friji inapoanza inavuta umeme mwingi kwa sekunde, volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Ukipandisha volti mara mbili, mkondo unashuka nusu. Tukabadilisha vyote viwili, mfumo na waya, na samaki hawakuharibika tena.

Kisichoingia kwenye daftari hakiingii nyumbani. Pasi ya umeme inakula wati 1,000, kwa hiyo pasi ya mkaa ya bibi imerudi kazini. Kupika ni gesi, mtungi uko nje barazani, mpira unapita ukutani. Paneli zifungwe kwa bolti zenye vichwa vilivyokatwa, na jirani mwenye mbwa afanywe rafiki mapema.

Baada ya kuhamia

Kila Jumamosi mmoja anapanda kufuta paneli kwa kitambaa chenye maji, mwingine anasafisha gata na kufungua yale mabomba ya maji ya kwanza. Kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kagueni utepe wa chuma na viatu vya nguzo.

Kujua maji yaliyobaki hakuhitaji kifaa. Jioni, jua likiwa limepiga tanki kutwa, weka kiganja juu na ukishushe taratibu. Plastiki ni ya moto, ya moto, ya moto, halafu ghafla inakuwa baridi. Pale kwenye baridi ndipo maji yalipo. Tumechora mistari kwa rangi, na tarehe. Leo, Agosti 20, mkono wangu umepoa kidogo juu ya mstari wa nusu kwenye tanki la pili.